Ngoma Inayosema: Historia ya Mchezo, Muziki na Ibada katika Nchi Yetu



Kila Dominika, Utukufu unapoanzishwa, wachezaji wetu hujipanga, hutoka hatua mbili mbele na moja nyuma, wakaizunguka altare. Waamini wamekwisha kuzoea. Lakini mara kwa mara hutokea mgeni, au hata mzee wa parokia yenyewe, akauliza: je, hii ni sala au ni onyesho? Na nyuma ya swali hilo huja la pili: jambo hili lilianza lini? Wengine hujibu kwamba sisi tumecheza mbele ya Mungu tangu zamani za mababu. Wengine husema ni jambo jipya lililoletwa na maaskofu mwaka 1988. Majibu yote mawili yana punje ya ukweli, na yote mawili yanaruka sehemu kubwa ya historia. Sehemu hiyo ndiyo nataka tuipitie pamoja, kwa sababu kikundi kisichoijua hakiwezi kumjibu yule mgeni, na pengine hakiwezi hata kujijibu chenyewe.

Tuanze na neno. Kiswahili kina neno moja, ngoma, kwa chombo kinachopigwa, kwa mchezo unaochezwa, na kwa mkusanyiko wa watu waliokuja kucheza. Tunasema ngoma imepasuka. Tunasema fulani amecheza ngoma. Tunasema jana kulikuwa na ngoma kwa jirani. Kifaransa tulichofundishwa shuleni kinahitaji maneno matatu kwa mambo hayo. Wazee waliotuachia neno moja hawakupungukiwa na msamiati. Waliona kitu kimoja mahali ambapo wengine waliona vitatu. Na tutaona jinsi kitu hicho kimoja kilivyogawanywa katika miaka mia moja iliyopita, kila mwenye nguvu akichukua kipande alichokitaka, na jinsi Eklezia ya nchi yetu ilivyojaribu kukiunga tena.

Wengi wenu mlio wa Kamina, Kabongo, Malemba-Nkulu au Lubumbashi mmeisikia kwa bibi zenu hadithi ya kuanza kwa ufalme wa Waluba. Nkongolo, mfalme mkali ambaye jina lake ni lile la upinde wa mvua, alimwonea wivu mpwa wake Kalala Ilunga, mwana wa mwindaji Mbidi Kiluwe aliyetoka mashariki. Akaamuru shimo lichimbwe, likasimikwa vyuma vyenye ncha ndani yake, likafunikwa kwa mkeka. Kisha akamwalika kijana aje kucheza mbele ya baraza. Kalala Ilunga alikuwa mchezaji hodari, na heshima ilimlazimu kukubali. Lakini mpiga ngoma, ambaye masimulizi humwita Kahia, aliijua hila ile. Hakuweza kupaza sauti mbele ya mfalme. Akapiga. Ngoma ikasema yale ambayo kinywa kisingethubutu kuyasema, na Kalala Ilunga akasikia huku akicheza. Akaupima mkeka kwa mkuki wake, ukatoboka, akaruka kando na kukimbia hata ng'ambo ya Lualaba. Aliporudi na watu wa baba yake, utawala wa Nkongolo ulikwisha, na ukoo mpya wa wafalme ukaanza.

Wanahistoria wanabishana bado ni kiasi gani cha hadithi hii ni tukio na kiasi gani ni mafumbo. Kwa shabaha yetu haidhuru. Tazameni tu Waluba walichoona kuwa ni sawa kukisimulia juu ya asili yao: ufalme mzima uliokolewa na kijana aliyejua kucheza na ambaye, wakati huo huo, alielewa ngoma inasema nini. Kama angalijua hatua bila kuijua lugha ya ngoma, angaliingia shimoni akicheza vizuri sana.

Hadithi hii haikuwekwa katika kitabu cha karatasi. Ilikabidhiwa kwa chama cha mbudye, ambacho wenye daraja la juu ndani yake walisoma lukasa. Lukasa ni ubao mdogo wa mti, unaoenea mkononi, uliopambwa kwa shanga, kauri na michoro. Msomaji hupitisha kidole juu yake, na kutoka shanga hadi shanga huyasimulia majina ya wafalme, safari zao, na mahali patakatifu pa nchi. Masimulizi hayo yaliimbwa na kuchezwa. Wana-mbudye waliicheza historia mbele ya watu, na mtoto aliyesimama pembeni aliijifunza kwa macho, kwa masikio na kwa miguu. Leo mbao za namna hiyo ziko ndani ya vioo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ni nzuri kuzitazama. Lakini pale kiooni zimenyamaza, kwa kuwa aliyezisoma hayupo, na ngoma haipo.

Sasa, ngoma ilisemaje? Hapa kuna jambo ambalo vijana wa mijini hawafundishwi, nami naomba mlivumilie kidogo kwa sababu ndilo kiini cha mambo. Kiluba, kama zilivyo Kinande, Mashi, Kilega na lugha nyingine nyingi za nchi yetu, ni lugha ambamo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Ukilitamka juu lina maana hii. Ukilishusha, maana inageuka. Ngoma ya gogo, ile iliyochongwa tumbo na kuachiwa mdomo mwembamba juu, ambayo Waluba huiita kyondo, ina sauti mbili, moja ya juu na moja ya chini. Mpigaji huchukua ule wimbo uliomo ndani ya maneno na kuuhamishia kwenye mti. Kwa kuwa maneno mengi hufanana kwa kupanda na kushuka kwake, hasemi neno moja peke yake. Hulizungushia sentensi ndefu ya mapokeo, hata msikilizaji wa mbali asiweze kukosea. Mmisionari mmoja wa Kibatisti kutoka Uingereza, John Carrington, aliyeishi miaka mingi kando ya mto karibu na Kisangani, alijifunza lugha ya ngoma kwa Walokele na kuieleza vizuri katika kitabu alichokitoa mwaka 1949. Hakuwa wa Eklezia yetu, lakini tunapaswa kumshukuru: alikaa chini ya wazee na kusikiliza, jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulifanya.

Kiswahili chetu hakina sauti za namna hiyo. Kinatuunganisha kutoka Lubumbashi hadi Bunia, na ni neema kubwa. Ila mpiga ngoma asiyejua lugha nyingine zaidi ya Kiswahili aweza kuwachezesha watu usiku kucha bila ngoma yake kutamka neno hata moja. Basi anayeiacha lugha ya bibi yake haachi maneno tu. Anaacha pia ngoma, na anayeiacha ngoma huanza kuisahau maana ya hatua.

Wamisionari walipofika, Mapadri Weupe upande wa Tanganyika na Kivu, Wabenedikto na baadaye Wafransisko katika Katanga, hawakukikuta chombo cha muziki kilichosimama peke yake. Walikuta ngoma imefungamana na arusi, na kilio, na uganga, na kiapo, na pombe, na usiku. Walihofu. Tuwe waadilifu: hofu yao haikuwa ya bure yote, kwa maana ziko ngoma ambazo hata wazazi wa siku zile hawakutaka binti zao wakaribie. Lakini hukumu iliyotolewa ilikuwa ya jumla. Katika misheni nyingi, mkatekumeni aliyeonekana ngomani alijua kwamba ubatizo wake utacheleweshwa. Serikali ya koloni nayo, kwa sababu zake yenyewe, iliweka mipaka ya saa na mahali pa kupiga ngoma, kwa kuwa ilitambua haraka kwamba watu wanaocheza pamoja huweza pia kupatana pamoja. Na kichekesho cha mambo ni hiki: mahali pengi ilikuwa ngoma hiyo hiyo iliyowaita watu kwenda Misa. Ililia uwanjani, ikawaleta hata mlangoni, kisha ikabaki nje. Ndani kulikuwa na kinanda na nyimbo za Kilatini.

Hivyo kipande cha kwanza kikatengwa: sauti ya mwanadamu ilichukuliwa, ngoma na mwili vikaachwa. Wakristo wetu wa kwanza walijifunza kuimba vizuri sana, na kuimba wamesimama kama nguzo. Nyimbo za Ulaya zikatiwa maneno ya lugha zetu, na katika lugha zenye sauti za juu na chini jambo hilo lilileta ajali ndogo ndogo: noti ikapanda mahali ambapo neno linashuka, na mzee aliyekuwa akiimba kwa ibada akajikuta anasema kitu kingine kabisa, au hasemi kitu. Walimu wa shule waliona. Wengi wao walinyamaza kwa adabu.

Mwili uliofukuzwa kanisani haukukaa bure. Huko Elisabethville, mji tunaouita Lubumbashi, wafanyakazi wa migodi walicheza mbeni. Ngoma hii ilizaliwa pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, kwa kuiga bendi za kijeshi. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 waliieneza bara, na ilipofika Katanga ilikuja na Kiswahili kinywani mwake. Wachezaji walivaa sare, walipiga gwaride, walipeana vyeo vya mfalme, gavana na daktari. Wazungu wengine walicheka, wengine waliogopa, na mapadri wengi waliona mshindani wa parokia. Lakini chama kile kilimtembelea mgonjwa, kilichanga kwa ajili ya maziko ya mtu aliyefia mbali na kwao, kilimpa kijana aliyetoka kijijini juzi mahali pa kuitwa ndugu. Naona ni haki kusema kwamba mbeni ilifanya mjini kazi ambayo leo tunaitarajia kwa mashirika yetu ya jumuiya hai. Ilifanya hivyo kwa kucheza.

Mabadiliko ndani ya Eklezia yalianza kwa walimu na watoto. Mjini Elisabethville, Joseph Kiwele, mwalimu na mpiga kinanda aliyelelewa katika shule za misheni, alishirikiana na Dom Anschaire Lamoral, Mbenedikto, katika kwaya ya wavulana iliyoitwa ya Msalaba wa Shaba. Kiwele alitunga Misa inayojulikana kama Misa ya Katanga, akijaribu kuziweka sauti za kwetu ndani ya umbo alilofundishwa. Baadaye aliingia katika siasa ya Katanga iliyojitenga, akawa waziri wa elimu na mtunzi wa wimbo wake wa taifa, akafariki mwaka 1961. Siasa hiyo imewafanya wengi walisahau jina lake kama mwanamuziki, nami naona ni hasara.

Kule Kamina, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Guido Haazen, alifanya kwa namna nyingine. Alifika miaka ya 1950, akawasikia wanafunzi wakiimba wakiwa peke yao, baada ya saa za shule, na akatambua kwamba muziki ule ulikuwa bora kuliko ule waliokuwa wakifundishwa darasani. Akaunda kwaya ya watoto wapatao 45 na walimu 15, iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin kwa heshima ya mfalme wa Wabelgiji aliyeitembelea nchi mwaka 1955. Mwishoni mwa mwaka huo huo Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili alitoa barua juu ya muziki mtakatifu, na ndani yake aliwahimiza wamisionari wathamini nyimbo za watu waliotumwa kwao. Upepo ulikuwa umeanza kugeuka.

Misa Luba iliimbwa Kamina mwezi wa Machi 1958. Maneno ni ya Kilatini, yale yale ya Misa ya siku zile. Muziki haukuandikwa kwanza. Waimbaji waliujenga kwa pamoja, wakijaribu, wakirudia, juu ya nyimbo walizozijua tangu utoto. Kyrie inafuata kasala, ile namna ya Waluba ya kuomboleza na kutaja sifa. Sanctus imejengwa juu ya wimbo wa kuagana. Hosana ni mapigo ya mchezo wa Kasai, na Agnus Dei imetokana na wimbo wa Bena Luluwa. Mwalimu Joachim Ngoi aliongoza kwa sauti, na ngoma zilikuwa ndani, si mlangoni. Sahani ilirekodiwa, ikazunguka dunia. Mwaka 1964 Pasolini aliiweka Gloria yake katika filamu aliyoitengeneza juu ya Injili ya Mathayo. Kwa miaka mingi jina lililosomwa juu ya jalada lilikuwa la padri. Majina ya wale watoto hakuna aliyeyauliza.

Tena mwaka huo wa 1958 kwaya ilisafiri Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Brussels kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, na ndani ya maonyesho hayo Wabelgiji walijenga kijiji cha Kikongo, kwa ua wa mianzi, ambamo Wakongo waliketi wakifanya kazi za mikono huku watu wakipita na kuwatazama. Baadhi ya wapitaji waliwatupia ndizi kama wanyama. Wakongo wale walichoka kutukanwa, wakadai kurudishwa nyumbani kabla ya maonyesho kwisha. Katika mji mmoja, katika kiangazi kimoja, Wabelgiji waliwapigia makofi watoto wa Kamina na kuwadhihaki baba zao. Sahau haifai hapa. Mtu aweza kuupenda wimbo wa watu na kuwadharau watu wenyewe; inatosha autenge wimbo na maisha uliyotoka, na auite tamasha.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikubali wazi kwamba kuna mataifa yenye mapokeo yao ya muziki, yaliyo na uzito katika dini na maisha yao, na kwamba mapokeo hayo yapewe nafasi katika ibada. Kwetu mtu aliyelibeba neno hili alikuwa Joseph Malula. Alipowekwa wakfu askofu mwaka 1959, kabla ya uhuru, alikwisha kusema juu ya Eklezia ya Kikongo katika dola ya Kikongo. Mwaka 1969 akafanywa kardinali, na kuanzia mwaka huo maaskofu wa nchi wakaanza kazi ya kutafuta namna yetu ya kuadhimisha Misa.

Na hapa historia ikapinda vibaya. Wakati ule ule maaskofu walipokuwa wakitafuta njia ya kuuingiza mchezo kanisani, serikali iliuchukua na kuupeleka uwanjani. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa. Siasa ya uhalisi ikatangazwa kuwa ndiyo njia ya kurudi kwa mababu. Malula aliuliza kwa sauti uhalisi huo maana yake nini hasa, naye akalazimika kuondoka nchini mwaka huo wa 1972 na kukaa Roma miezi kadhaa. Baada ya safari za Mobutu huko Uchina na Korea ya Kaskazini, uhamasishaji wa kisiasa, ule tulioujua kwa jina la animasio, ulisambaa kila mahali. Wanafunzi, waalimu, makarani, wafanyakazi wa viwanda, wote walicheza. Walisimama juani kwenye viwanja vya ndege wakimngoja mgeni ambaye pengine asingeshuka. Nyimbo ambazo kijiji kilimwimbia chifu aliyegawa mavuno, au arusi iliyounganisha koo mbili, zilipewa jina moja jipya la kusifiwa.

Nawaombeni mfikirie kijana wa umri wenu katika mwaka 1975. Dominika alicheza kanisani kwa hiari. Jumatatu alicheza uwanjani kwa amri, na asipofika aliandikwa. Hatua zilikuwa zile zile, ngoma zile zile, hata kitambaa cha kanga kilifanana, isipokuwa picha iliyochapwa juu yake. Mzee yule anayekunja uso leo Utukufu unapochezwa, msifikiri upesi kwamba ni mabaki ya mafundisho ya wamisionari. Nimewasikia wengine wakieleza, wanakumbuka uwanja.

Kwa hiyo maaskofu hawakuweza kusema tu kwamba kucheza ni desturi yetu, basi tucheze. Mobutu naye alisema hivyo. Iliwapasa kueleza tunacheza mbele ya nani, pamoja na nani, na kwa sababu gani. Mwaka 1975 ofisi ya Roma inayosimamia ibada ilitoa maelezo juu ya mchezo katika liturujia: katika nchi za Magharibi mchezo umefungwa na burudani na mambo ya mapenzi, kwa hiyo hauwezi kuingizwa tu kanisani, lakini kwa watu ambao kwao mchezo bado unabeba sala na uchaji, hali ni nyingine. Wengine walilisoma hilo kama upendeleo. Mimi nalisoma kama deni. Tuliruhusiwa kwa sababu ilisadikiwa kwamba kwetu ngoma haijapoteza maana yake.

Misale ya Roma kwa majimbo ya Zaire ilikubaliwa tarehe 30 Aprili 1988, mwaka mmoja kabla Kardinali Malula hajafariki. Ndani yake mtangazaji huwakaribisha watu na kuwaunganisha. Watakatifu huitwa, na pamoja nao mababu wenye moyo mnyofu. Toba huja baada ya kulisikia Neno, kisha amani hupeanwa, kama vile ndugu wanavyopatana kabla ya kula pamoja. Na wakati wa Utukufu, padri na wahudumu huizunguka altare wakicheza. Angalieni vizuri ni nani anayecheza. Altare iko katikati, wahudumu wanaizunguka, na watu wote waliosimama mahali pao wanatikisika, wanapiga makofi, wanaitikia. Hakuna jukwaa. Mwaka 1994 Roma ilitoa maagizo juu ya utamadunisho, ikasema jambo hilo kwa wazi: kupiga makofi, kuyumba na kucheza kwaweza kuwa na nafasi katika ibada, iwapo ni sala ya kweli ya jumuiya, ya kuabudu, kusifu, kutoa na kuomba, na si onyesho. Baba Mtakatifu Fransisko aliadhimisha kwa namna yetu katika kanisa la Mtakatifu Petro mwaka 2019, tena 2022, na tarehe 1 Februari 2023 uwanjani Ndolo, Kinshasa, mbele ya watu zaidi ya milioni moja.

Yule mgeni aliyeuliza mwanzoni amesoma pengine habari ya Mikali, binti Sauli, aliyemtazama Daudi kwa dirisha akiruka na kucheza mbele ya sanduku la Bwana, akamdharau moyoni. Mara nyingi tunaitumia habari hiyo kumnyamazisha kila anayetulaumu. Isomeni tena. Kosa la Mikali lilianza dirishani: watu wote walikuwa njiani pamoja na sanduku, yeye alikuwa juu, anatazama. Siku hizi tunaona kanisani mikono iliyoinuliwa na simu wakati wa kutoa vipaji, na wachezaji wanaogeuza nyuso kuielekea simu badala ya altare. Sijui tumwite nani Mikali hapo, aliyeshika simu au anayechezea simu.

Silaumu gitaa wala kinanda cha umeme. Rumba yetu ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa urithi wa wanadamu wote, na mutuashi wa Kasai ulifika majukwaa ya dunia kwa miguu ya Tshala Muana. Hayo ni mambo ya kujivunia. Lakini wachezaji wetu wengi leo hujifunza hatua za Utukufu kutoka video ya kwaya nyingine, nayo ilizitoa video nyingine. Katika mashirika yenu kuna mama wazee wanaojua hatua hizo zilikuwa za nini: hii ni ya kumsindikiza bibi arusi, hii ni ya kumtoa mjane katika kilio, hii hufanywa wakati wa kuleta mavuno ya kwanza. Kikundi kimoja cha Xaveri au Kiro, kikiketi nao jioni moja na daftari, kitarudi na vitu ambavyo havimo katika simu yoyote. Huenda mkagundua kwamba mmekuwa mkileta vipaji kwa hatua ya vita, au mkiimba Utukufu kwa wimbo wa matanga. Si lazima liwe kosa. Wale watoto wa Kamina waliichukua nyimbo ya kuomboleza kwa makusudi wakaitia katika Kyrie, kwa kuwa walijua mtu huomba huruma kwa sauti gani.

Itafuteni sahani ile muisikilize. Fikeni hadi Sanctus, mahali ambapo mapigo hupungua na sauti za wavulana huingia polepole. Padri wakati ule anakaribia mageuzo, na Bwana anakaribia kuja. Nao walichagua wimbo wanaoimba watu wa kwao wanapoagana na mtu. Nilimwuliza mzee mmoja wa Kiluba kwa nini. Alitaka kuusikia tena kwanza, kisha akasema kwamba kwao mtu anayeondoka husindikizwa kwa wimbo hata kwenye njia panda, na wanaobaki hawaachi kuimba mpaka asionekane.